Neno "Fundamental": Msingi Upi Unaosemwa?



  



Nataka tuzungumze juu ya neno moja tu la Kiingereza. Neno lenyewe ni "fundamental". Mwanafunzi wa sekondari hulikuta mapema katika somo la fizikia, anapoambiwa kuwa urefu, tungamo na muda ni vipimo vya msingi, na kwamba vipimo vingine hujengwa juu ya hivyo. Hulikuta tena katika somo la uraia, anaposomeshwa haki za msingi za binadamu. Hadi hapo neno ni zuri, halina dosari. Jioni anafungua redio, anamsikia mtoto wa neno lilelile, "fundamentalist", akitajwa sambamba na mabomu na umwagaji damu, na mara nyingi akitajwa sambamba na dini yake. Anabaki ameduwaa. Vipi neno liwe sifa asubuhi na liwe tusi jioni?

Wengine limewafika karibu zaidi. Wapo wanafunzi wetu walioitwa hivyo na wenzao shuleni, mmoja kwa sababu ya mtandio wake mrefu, mwingine kwa sababu aliomba ruhusa ya kwenda kuswali Ijumaa. Kijana anayeitwa kwa jina asilolijua hana jibu. Ama atanyamaza kwa aibu, ama atapandwa na hasira, na yote mawili hayamfai.

Rai yangu katika makala haya ni hii: tusilikimbie jina hilo, wala tusilivae. Tujue limetoka wapi, kisha tujiulize swali ambalo neno lenyewe linatuuliza: msingi wetu ni upi?

ASILI YA NENO

Kiingereza kimechukua maneno mengi kutoka Kilatini, lugha ya Warumi wa kale, kama Kiswahili kilivyochukua mengi kutoka Kiarabu. Katika Kilatini kuna neno "fundus", maana yake sehemu ya chini kabisa ya kitu, mahali ambapo ukifika huwezi kushuka zaidi. Kutokana na neno hilo likazaliwa "fundamentum", yaani msingi wa jengo. Waingereza wamekuwa wakilitumia "fundamental" tangu karne ya 15 Miladia, ni zaidi ya miaka 500 sasa, kwa maana ya kitu ambacho vingine vinasimama juu yake.

Ndugu zake mnawajua. "Foundation" ni msingi wa nyumba. "Founder" ni mwasisi. "Fund" ni mfuko wa fedha, mali inayowekwa chini ili shughuli isimame juu yake. "Profound" ni kitu chenye kina kirefu, kama elimu ya mtu aliyezama katika fani yake. Ukoo mzima huu, utauona wapi ukali? Hauna ukali. Una kina na uthabiti.

Lipo na neno jingine ambalo siku hizi hutajwa pamoja nalo, nalo ni "radical". Hilo limetoka katika neno la Kilatini "radix", maana yake mzizi. Hata figili tunayokula kwa Kiingereza huitwa "radish" kwa sababu hiyohiyo, kwani kinacholiwa ni mzizi. Na hapa kuna jambo linalotuhusu sisi. Mwanahesabu Al-Khwarizmi, aliyefanya kazi zake Baghdad katika karne ya 9 Miladia, zama za Khalifa Al-Maamun, aliiita namba inayotafutwa katika hesabu zake "jidhr", yaani mzizi. Kitabu chake cha aljebra kilipofasiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, wafasiri waliandika "radix". Ndiyo maana kile tunachokiita kipeuo cha pili, Waingereza wanakiita mzizi wa mraba. Kwa hiyo unapochora alama ya kipeuo katika daftari lako la hesabu, unaandika jambo ambalo jina lake lilipitia katika kalamu ya Mwislamu. Na alama hiyo yenyewe kwa Kiingereza inaitwa "radical". Hakuna mwalimu wa hesabu anayeiogopa.

KATIKA LUGHA YETU NA DINI YETU

Sasa tugeukie kwetu. Kiswahili kina maneno matatu yanayobeba maana hii.

La kwanza ni msingi. Fundi hachimbi mtaro wa msingi kwa kuwa anapenda shimo, anauchimba ili nyumba isije ikapasuka mvua zitakapokuja. Ukishajengwa hauonekani tena, watu husifu dari na milango. Na sisi sote tumepitia shule ya msingi, wala hakuna mzazi aliyeogopa kumpeleka mwanawe huko kwa sababu ya jina lake.

La pili ni asili. Neno hili ni la Kiarabu, "asl", na maana yake ya mwanzo ni shina na mzizi wa kitu. Wingi wake ni "usuul". Katika Surat Ibrahim, aya ya 24, Allah (S.W.) amepiga mfano wa neno jema, akalifananisha na mti mwema ambao mzizi wake umeshika imara na matawi yake yamekwenda juu mbinguni. Neno lililotumika hapo kuutaja mzizi ni hilihili "asl". Zingatieni mfano huo: mzizi na matawi vimetajwa pamoja, kila kimoja mahali pake. Tutaurudia mfano huu.

La tatu ni asasi, na watoto wake kuasisi na mwasisi. Nalo ni la Kiarabu, limetokana na kuweka msingi wa jengo. Katika Surat Tawba, aya ya 107 hadi ya 110, zinatajwa nyumba mbili. Moja ni msikiti ulioasisiwa juu ya uchamungu tangu siku ya kwanza, nao wafasiri wengi wanasema ni Msikiti wa Quba, uliojengwa Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina mwaka 622. Ya pili inajulikana kwa jina la Masjid Dhiraar. Huo nao ulikuwa msikiti kwa kuutazama, una kuta na una watu, lakini nia ya walioujenga ilikuwa kuleta madhara na kuwafarikisha waumini. Allah (S.W.) akaufananisha na jengo lililowekwa ukingoni mwa korongo linalomomonyoka. Mtume (S.A.W.) hakuswali humo.

Funzo lake ni kubwa. Jina la msikiti halikuutakasa ule uliojengwa kwa nia mbaya. Watu wanaweza kujiita kwa jina zuri la dini na jengo lao likawa halina msingi.

Zaidi ya hayo, elimu zetu kubwa zimeitwa kwa neno hili. Ipo Usuul al-Din, misingi ya itikadi. Ipo Usuul al-Fiqh, misingi ambayo mwanachuoni huitumia kutoa hukumu katika Qur'ani, Sunna, Ijmaa na Qiyas. Imamu wetu Shafii, aliyezaliwa mwaka 150 Hijria (767 Miladia) na kufariki Misri mwaka 204 (820 Miladia), ndiye aliyeandika Ar-Risala, kitabu kinachohesabiwa kuwa cha mwanzo katika fani hiyo. Mwanachuoni wa fani hiyo huitwa kwa Kiarabu "usuuli", yaani mtu wa misingi. Na Chuo Kikuu cha Al-Azhar kule Cairo kina kitivo kizima cha Usuul al-Din. Kwetu sisi basi, mtu wa misingi ni mtu aliyesoma, anayepima maneno yake, anayejua dalili na mahali pa kuitumia.

NENO LILIPOZAA

Pengine mtashangaa kujua kuwa "fundamentalist" halikubuniwa kwa ajili ya Waislamu. Lilibuniwa na Wakristo wa Marekani kujiita wenyewe.

Mwanzoni mwa karne ya 20 palikuwa na mvutano mkubwa katika makanisa ya Kiprotestanti nchini humo. Baadhi ya wasomi wao walianza kuichambua Biblia kama kinavyochambuliwa kitabu kingine chochote cha zamani, na wengine wakatilia shaka miujiza. Waliopinga jambo hilo walitoa mfululizo wa vitabu 12, kati ya mwaka 1910 na 1915, vikiitwa "The Fundamentals", yaani "Mambo ya Msingi". Aliyegharamia ni tajiri wa mafuta wa California, Lyman Stewart, pamoja na ndugu yake Milton, ingawa majina yao hayakuwekwa kwenye vitabu hivyo. Nakala zipatazo milioni 3 ziligawiwa bure kwa wachungaji, wamisionari na walimu.

Mwaka 1920 mhariri wa gazeti moja la Wabaptisti, Curtis Lee Laws, ndiye aliyependekeza kuwa watu wanaoshikilia misingi hiyo na walio tayari kuipigania waitwe "fundamentalists". Alilitoa kama jina la heshima, na wenyewe wakalipokea kwa furaha.

Haikupita miaka mingi jina likageuka. Mwezi Julai 1925, katika mji mdogo wa Dayton, jimbo la Tennessee, mwalimu kijana John Scopes alishitakiwa kwa kuwafundisha wanafunzi kuwa mwanadamu ametokana na viumbe vya chini, kinyume cha sheria ya jimbo hilo. Alitiwa hatiani na kutozwa faini ya dola 100, hukumu ambayo mahakama ya juu ya jimbo iliitengua mwaka 1927 kwa kasoro ya utaratibu. Lakini waandishi wa habari kutoka miji mikubwa walikuwa wamemiminika pale, na kesi ilitangazwa moja kwa moja redioni. Wengi wao waliwaandika wale watu wa dini kwa kejeli, kama washamba wasiojua kitu. Tangu hapo jina la heshima likaanza kuwa jina la dharau. Waliolishona kwa mikono yao wakaona jinsi wengine walivyolipaka matope.

Siwasimulii haya ili tuwacheke Wakristo. La hasha. Nawasimulia ili mjue kuwa jina hili lina nchi yake, lina mwaka wake, na lina ugomvi wake ambao sisi hatukuwemo.

LILIVYOTUFIKIA

Mapinduzi ya Iran ya mwaka 1979 yalipotokea, waandishi wa Magharibi walihitaji neno la kuwaita Waislamu waliotaka dini iongoze dola. Hawakwenda kuuliza Waislamu wenyewe wanajiitaje. Walifungua sanduku lao la maneno, wakalitoa hili la mwaka 1920, tayari likiwa na matope yake, wakatuvisha. Hata Waarabu ilibidi walifasiri upya, wakasema "usuuliyya", na neno lililokuwa la wanachuoni wa fiqhi likatiwa katika habari za vita.

Kisha yakaja ya kwetu. Tarehe 7 Agosti 1998 balozi za Marekani zilishambuliwa kwa mabomu Nairobi na Dar es Salaam, wakafa watu zaidi ya 200, wengi wao Waafrika wasio na hili wala lile. Septemba 2001 yakatokea ya New York na Washington. Tangu siku hizo jina hilo likawa halikauki midomoni mwa watu.

Magazeti na redio zetu zilipolifasiri kwa Kiswahili, mara nyingi hazikusema "watu wa misingi". Zilisema "wenye siasa kali", na baadaye "wenye itikadi kali" au "wenye msimamo mkali". Hebu tupime tafsiri hizo. Kali ni sifa ya pilipili, ya wembe, ya jua la mchana na ya mbwa wa kufungwa. Msingi umekwenda wapi? Umepotea njiani. Aliyefasiri hakufasiri neno, alifasiri hofu.

Lakini insafu inatutaka tuseme na upande wa pili. Kwa wale waliolipua mabomu, tafsiri hiyo haikuwaonea. Ukali wao ulikuwepo na damu ilimwagika. Walioonewa ni wengine: bibi anayeamka usiku kuswali, binti mwenye mtandio, mzee mwenye ndevu anayeuza kahawa. Jina moja linapowakusanya bibi huyo na mwuaji, jina hilo limekwisha kazi yake. Halipambanui tena. Na kazi ya jina ni kupambanua.

TULIVAE AU TULIKATAE?

Wako wanaolikimbia. Kijana akiitwa hivyo mara mbili, ya tatu anavua kofia yake mlangoni mwa shule. Binti anaanza kuona haya kusema kuwa jioni anasoma madrasa. Kuna wazazi wenye nia njema kabisa wanaowapunguzia watoto masomo ya dini ili wasije wakaonekana vibaya. Mzazi huyu amesahau jambo moja: mtoto asiyefundishwa msingi wa dini yake na mwalimu anayemjua, atafundishwa na mtu asiyemjua, ndani ya simu, usiku. Anayejua nguzo zake na mipaka yake si mwepesi wa kudanganywa kama yule ambaye ana hamasa tu na hana elimu.

Wako wanaolivaa. Baadhi ya walimu wenzangu, nami nawaheshimu, husema: "Wakituita hivyo tukubali, kwani nani asiye na misingi? Daktari ana misingi ya udaktari, na Mwislamu ana misingi ya Uislamu." Hoja hii ina ladha nzuri, na kwa upande wa lugha ni sahihi. Lakini siiungi mkono, kwa sababu tatu.

Kwanza, jina halisafiri peke yake, husafiri na mzigo wake. Anayelisikia hafungui kamusi ya Kilatini, anakumbuka picha aliyoiona kwenye televisheni. Utasema "mimi ni mtu wa misingi", yeye atasikia "mimi ni mtu wa mabomu".

Pili, sisi tumekwisha kuitwa. Allah (S.W.) katika Surat Hajj, aya ya 78, ametaja kuwa tumeitwa Waislamu tangu hapo kabla. Na katika Surat Baqara, aya ya 143, ametufanya umma wa wasitani. Mwenye jina alilopewa na Mola wake analitafutia nini la mhariri wa gazeti?

Tatu, na hili ndilo linalonitisha zaidi, kijana akilivaa jina kwa kujigamba atatafuta matendo ya kulithibitisha. Ataona kwamba kila jambo gumu ndilo la msingi, na kila jambo jepesi ni udhaifu. Hapo ndipo unapoingia ule ugonjwa ambao dini yetu ina jina lake mahsusi, nalo ni "ghuluw", kupindukia mipaka. Asubuhi ya kurusha mawe, katika Hijja, Mtume (S.A.W.) alimtaka binamu yake Ibn Abbas amwokotee vijiwe. Akamwokotea vidogo vidogo, vya kurushwa kwa ncha za vidole. Mtume (S.A.W.) akaviweka mkononi, akawaambia watu warushe mfano wa hivyo, na akawatahadharisha na kupindukia katika dini, kwani ndiko kulikowaangamiza waliotangulia. Hadithi hii ameipokea Nasai na Ibn Majah. Tazameni alipoitoa nasaha hiyo: juu ya ukubwa wa kijiwe! Anayeona kuwa jiwe kubwa ndilo lenye thawabu zaidi, ghuluw imekwisha kumwanza.

MSINGI NA MATAWI

Sasa turudi kwenye ule mti wa Surat Ibrahim. Wanachuoni wetu wameyagawa mambo ya dini katika usuul, yaani mizizi, na furuu, yaani matawi. Tofauti hii ndiyo elimu ninayoiona imepungua sana kwetu, watu wazima kabla ya watoto.

Mizizi inajulikana. Ni nguzo sita za imani na nguzo tano za Uislamu, ambazo Mtume (S.A.W.) alizielezea kwa mfano wa jengo lililosimamishwa juu ya mambo matano. Ni mambo matano ya lazima ambayo Imamu Ghazali, na baada yake Imamu Shatibi, wameeleza kuwa sheria yote imekuja kuyalinda: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Ni ukweli, uaminifu na kuwatendea wema wazazi.

Matawi nayo ni mengi, na wanachuoni wamekhitilafiana ndani yake tangu karne za mwanzo wala hawakukufurishana. Kunuti katika swala ya Alfajiri ni mfano. Sisi wafuasi wa Imamu Shafii tunaisoma, wengine hawaisomi. Wanachuoni wanasimulia kuwa Imamu Shafii mwenyewe alipokuwa Baghdad aliswali Alfajiri karibu na kaburi la Imamu Abu Hanifa asisome kunuti, kwa kumstahi mwenye kaburi, ambaye hakuwa akiiona. Huyo ndiye mwandishi wa Ar-Risala, mtu wa misingi kwelikweli. Kwa kuwa aliujua mzizi, aliweza kulegeza tawi.

Na sisi je? Nimeona nyumba moja ikisherehekea Idi siku mbili, si kwa sababu ya kuandama kwa mwezi tu, bali kwa sababu ndugu wawili hawasemezani. Tumeona misikiti ikigawanyika kwa ajili ya maulidi, huyu akimwita mwenziwe mzushi na yule akimwita mwenziwe mpotofu. Swala za jamaa hupungua watu, deni halilipwi, yatima analiwa mali yake, na hakuna anayepandisha sauti. Sauti hupanda kwenye tawi. Je, hatukuufanya msikiti wa kuwakusanya waumini ukawa wa kuwafarikisha? Masomo ya Masjid Dhiraar hayakuteremshwa kwa ajili ya watu wa zamani peke yao.

Na wale waliobeba silaha, wakaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa mwezi Aprili 2015, wengi wao vijana waliokuwa wakitafuta elimu, hao ni watu wa msingi upi? Nafsi ni katika yale mambo matano. Katika Surat Maida, aya ya 32, kumwua mtu mmoja asiye na hatia kumelinganishwa na kuwaua watu wote. Aliyeung'oa mzizi huo hawezi kuitwa mtu wa mizizi. Kwa hiyo mimi nasema kosa la wanaowaita "fundamentalists" si kwamba wamewatukana. Kosa ni kwamba wamewasifu. Wamewapa jina la msingi watu waliobomoa msingi.

WASIA WANGU

Kwako mwanafunzi: ukiitwa kwa jina hili, usikunje ngumi na usiinamishe kichwa. Uliza kwa upole, "Una maana gani?" Mara nyingi utakuta mwenzio hajui, amelisikia tu. Mweleze kuwa neno linatokana na msingi, na umtajie msingi wako: kuswali, kufunga, kusema kweli, kutomdhuru jirani. Kisha hakikisha jirani anakuona hivyo. Na wewe pia usimbandike mwenzio majina, awe Mkristo au Mwislamu wa msikiti mwingine, maana Surat Hujuraat, aya ya 11, imetukataza kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya. Katazo hilo halikuwashukia wao, limetushukia sisi.

Tena kipende Kiingereza chako. Soma neno hadi chini, kwenye "fundus" yake. Mtu anayejua asili ya maneno si rahisi kutishwa kwayo.

Kwako mzazi: muulize mwanao leo usiku nguzo za imani ni ngapi. Akizitaja, muulize mambo matano yanayolindwa na sheria. Kama hayajui, usimgombeze. Kaa naye muyasome, kisha njoo utuulize sisi walimu tunafundisha nini. Haki hiyo ni yako, na mlango wa madrasa uko wazi.

Kwetu walimu: tuanze na mzizi. Mtoto wa miaka 10 anayejua makosa ya madhehebu mengine na hajui kutia udhu sawasawa, tumemjengea paa juu ya mchanga.

Tunamwomba Allah (S.W.) atujaalie tuwe katika wale walioasisi majengo yao juu ya uchamungu, ayaunganishe mahusiano yetu, awalinde vijana wetu na kupindukia na kuzembea, na ayafanye maneno yetu kuwa kama ule mti mwema. Amin.